Nyumba Njema Si Mlango: Kisa cha Jumba la Liebermann Kando ya Ziwa Wannsee

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumika kumwonya kijana anayetaka kuoa kwa kutazama sura, na mara chache hurudishwa pale ilipozaliwa, yaani kwenye nyumba yenyewe, yenye kuta, madirisha na bustani. Katika makala haya nakusudia kuirudisha huko. Nyumba nitakayoizungumzia iko mbali na visiwa vyetu. Iko Ujerumani, upande wa kusini-magharibi wa jiji la Berlin, kwenye ufuko wa ziwa liitwalo Wannsee. Mlango wake ni mzuri na bustani yake ni nzuri zaidi. Lakini msomaji akiishia mlangoni atakuwa ameona nusu tu ya habari, na huenda hiyo ndiyo nusu isiyo na uzito.

Desturi ya tajiri kuwa na nyumba mbili si ngeni kwetu. Wazee wetu waliokuwa na uwezo walikuwa na nyumba ya mjini kwa ajili ya biashara na heshima, na nyumba ya shamba kwa ajili ya kupunga upepo. Berlin nayo ilikuwa hivyo katika karne ya 19. Jiji lilikua kwa kasi, viwanda vikafuka moshi, na waliofaidika na moshi huo ndio waliokuwa wa kwanza kuukimbia. Kuanzia mwaka 1863 mwenye benki mmoja, Wilhelm Conrad, alianza kununua ardhi ufukoni mwa Wannsee ili kuanzisha kitongoji cha majumba ya kiangazi. Kitongoji hicho kilipewa jina la Alsen, kisiwa ambacho majeshi ya Prussia yalikiteka kutoka kwa Wadenishi mwaka 1864. Reli ilifika hapo mwaka 1874, na kuanzia hapo mwenye duka kubwa, kiwanda au benki aliweza kufanya kazi mjini mchana na kulala kando ya maji usiku. Wakaja wachapishaji wa vitabu, wafanyabiashara wa makaa ya mawe, madaktari na maprofesa. Wengi kati yao walikuwa Wayahudi wa Kijerumani, watu ambao kwa vizazi viwili au vitatu walikuwa wamepata haki za uraia, elimu na mali, na ambao hawakujihesabu kuwa wageni katika nchi hiyo.

Familia ya Liebermann ilikuwa moja kati ya hizo. Mali yake ilitokana na pamba: kusokota, kufuma na kupiga chapa vitambaa. Louis Liebermann alikuwa mwenye viwanda aliyemudu kununua jumba katika uwanja wa Pariser Platz, ubavuni mwa Lango la Brandenburg, mahali ambapo hapakuwa na pa kifahari zaidi mjini Berlin. Watu wa ukoo huo walishika nafasi kubwa katika nchi. Emil Rathenau, aliyeasisi kampuni ya umeme ya AEG, alikuwa binamu wa watoto wa Louis, na mwanawe Emil, Walther Rathenau, alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1922.

Max, mwana wa Louis aliyezaliwa tarehe 20 Julai 1847, hakuelekea kwenye pamba. Alichagua uchoraji, jambo ambalo halikumfurahisha baba yake. Alipoanza kuonyesha picha zake, watu walishangaa kumwona mtoto wa tajiri akichora wanawake wakinyonyoa mabata, wafumaji wa Kiholanzi, na mayatima katika ua wa nyumba yao. Wakosoaji walimwita mtume wa ubaya. Yeye hakujali. Kila kiangazi alikwenda Uholanzi kuchora watu wa kazi na ufuko wa bahari, akajifunza kwa Wafaransa namna ya kuweka nuru kwenye turubai, na mwaka 1898 akawa kiongozi wa kundi la wasanii wa Berlin waliojitenga na sanaa iliyopendwa na mfalme. Mwaka 1884 alimwoa Martha Marckwald, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti waliyemwita Käthe. Baba yake alipofariki mwaka 1894, Max alirithi sehemu ya mali na jumba la Pariser Platz.

Alikuwa na umri wa miaka 62 aliponunua kiwanja cha Wannsee mwaka 1909. Kiwanja kilikuwa na ukubwa wa takriban mita za mraba 7,000, chembamba na kirefu, kikianzia barabarani na kushuka hadi majini. Kazi ya kujenga alipewa msanifu Paul Otto Baumgarten, na katika kiangazi cha mwaka 1910 familia ilihamia. Msomaji alikumbuke jina hilo la Baumgarten, kwani litarudi.

Jumba lenyewe halikuwa la kujionyesha sana. Liliiga nyumba za mashambani za wafanyabiashara wa Hamburg wa zamani: kuta za rangi tulivu, nguzo chache, baraza iliyo wazi upande mmoja na chumba cha kuchorea juu. Ujuzi mkubwa ulikuwa katika kulifungamanisha na bustani. Hapa Liebermann alimtegemea rafiki yake Alfred Lichtwark, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Hamburg, aliyekuwa na fikra mpya kuhusu bustani. Lichtwark alichukizwa na bustani za matajiri zilizojaa vijito vya kubuni na vilima vya uongo. Kwake bustani ilikuwa mwendelezo wa nyumba, vyumba vilivyokosa dari tu. Alizitoa fikra zake katika barua, na mtaalamu wa bustani Albert Brodersen akasaidia kuzifanya ardhini.

Upande wa barabara palipandwa bustani ya mboga na maua, kama bustani ya mkulima, ikiwa na njia iliyonyooka kuelekea mlangoni. Mtu aliyesimama kwenye njia hiyo aliweza kuona kupitia nyumba yenyewe hadi kwenye maji upande wa pili. Nyuma kulikuwa na mtaro wa maua na chemchemi yenye sanamu ya fisi maji iliyochongwa na August Gaul, kisha majani mapana yaliyokatwa vizuri yakashuka hadi ziwani, penye kibanda cha chai na gati dogo. Kaskazini mwa majani hayo vilipangwa vyumba vitatu vilivyozungushiwa kuta za miti iliyopogolewa, kila kimoja na umbo lake: cha kwanza mraba, cha pili duara refu, cha tatu bustani ya mawaridi. Kusini palikuwa na njia iliyopita katikati ya miti yenye gome jeupe ambayo Wajerumani huiita Birke. Miti hiyo ilikuwapo kabla ya bustani, na badala ya kuikata waliiacha isimame pale ilipo, mingine katikati ya njia, ili mpitaji aizunguke. Mzee mwenyewe aliliita jumba hili kasri lake la ziwani, kwa mzaha wa mtu anayejua kuwa si kasri.

Miaka minne tu baadaye ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Mipaka ilifungwa, na safari za Uholanzi zikakoma. Mchoraji aliyezoea kutafuta nuru ufukoni mwa Bahari ya Kaskazini alijikuta amefungiwa nyumbani. Basi akageukia kile alichokuwa nacho. Alichora mtaro wa maua, akauchora tena mwaka uliofuata, akachora vitanda vya kabichi, mtunza bustani akiwa ameinama, mjukuu wake Maria, aliyezaliwa mwaka 1917, akicheza na yaya, na ile miti yenye gome jeupe asubuhi na jioni. Hadi anafariki alikuwa amechora zaidi ya picha 200 za rangi za mafuta za bustani hiyo moja. Wapo waliosema kuwa mzee alikuwa amekwisha, kwamba mtume wa ubaya amekuwa mchoraji wa maua ya matajiri. Sidhani kuwa walisema kweli, na sababu yangu nitaieleza mbele. Kwa sasa itoshe kusema kwamba hakuna bustani nyingi duniani zilizowekewa kumbukumbu kwa uaminifu wa kiasi hicho.

Heshima nazo zilimfikia. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa rais wa Akademia ya Sanaa ya Prussia, wadhifa alioushika hadi mwaka 1932. Mwaka 1927, alipotimiza miaka 80, jiji la Berlin lilimfanya raia wake wa heshima, na katika mwaka huohuo alimchora rais wa nchi, Hindenburg. Ni vigumu kufikiria Myahudi wa Kijerumani aliyekita mizizi katika nchi yake kumzidi yeye.

Tarehe 30 Januari 1933, kutoka katika nyumba yake ya Pariser Platz, aliwaona wafuasi wa Hitler wakipita chini na mienge kusherehekea kushika madaraka. Maneno yake ya siku hiyo yalienea Berlin nzima: kwamba hakuna chakula cha kumtosha kula kwa kadiri anavyotaka kutapika. Tarehe 7 Mei mwaka huo alijiuzulu katika Akademia, akieleza hadharani kuwa kwa imani yake sanaa haina uhusiano na siasa wala na nasaba ya mtu, na maadam imani hiyo haitambuliwi tena, yeye hana nafasi humo. Picha zake zilianza kuondolewa katika majumba ya makumbusho. Alifariki tarehe 8 Februari 1935. Akademia aliyoiongoza kwa miaka 12 haikumfanyia heshima yoyote. Waliomsindikiza makaburini Schönhauser Allee walikuwa wachache, na miongoni mwao walikuwemo mchoraji Käthe Kollwitz na daktari Ferdinand Sauerbruch, jirani yake wa Wannsee.

Hapa ndipo wengi huifunga hadithi, kwa kuwa mwenye jina kubwa amekufa. Lakini jumba lilibaki, na ndani ya jumba alibaki mjane.

Martha Liebermann alikuwa na miaka 77 mumewe alipofariki. Sheria zilizotangazwa Nuremberg Septemba ya mwaka huohuo zilimvua uraia kamili. Baada ya mauaji na uchomaji wa masinagogi wa Novemba 1938, Wayahudi walilazimishwa kutoa hesabu ya mali zao na kuzikabidhi kidogokidogo. Binti yake Käthe, mkwe wake Kurt Riezler na mjukuu wake walikimbilia Marekani mwishoni mwa mwaka huo. Martha alibaki. Alikuwa mzee, na hakutaka kuliacha kaburi la mumewe wala mji aliozaliwa. Alipobadili nia, milango ilikuwa imefungwa. Marafiki walioko Uswisi na Uswidi walihangaika kumpatia ruhusa na fedha za kumkomboa, wasifaulu.

Mwaka 1940 alilazimishwa kuuza jumba la Wannsee. Mnunuzi alikuwa Shirika la Posta la dola, na bei iliyoandikwa ilikuwa Reichsmark 160,000. Nasema iliyoandikwa kwa makusudi. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na saini, na bei ilitajwa. Ambacho hakikuwapo ni mauziano, kwa sababu muuzaji hakuwa na hiari ya kukataa, na fedha hizo hakuruhusiwa kuzitumia. Posta ililigeuza jumba kuwa kambi ya mafunzo ya wafanyakazi wake wa kike.

Sasa tulirudie jina la Baumgarten. Miaka minne hivi baada ya kumaliza kazi ya Liebermann, msanifu huyu alijenga jumba jingine kwenye ufuko huohuo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Lilijengwa mwaka 1914 na 1915 kwa ajili ya Ernst Marlier, mwenye kiwanda cha dawa. Hili lilikuwa kubwa zaidi na la fahari zaidi, lakini mkono ni uleule: nguzo, ukumbi unaotazama maji, bustani inayoshuka ziwani. Baadaye lilifika mikononi mwa mfanyabiashara Friedrich Minoux. Mwaka 1940, yaani mwaka uleule Martha alipolazimishwa kuuza, Minoux, aliyekuwa mahabusu kwa kesi ya udanganyifu mkubwa, aliliuza jumba lake kwa taasisi iliyoundwa na kikosi cha SS. Bei yake ilikuwa Reichsmark 1,950,000. SS walilifanya nyumba ya wageni kwa maofisa wao.

Tarehe 20 Januari 1942 watu 15 walikutana katika jumba hilo la pili. Walikuwa wakuu wa wizara, wa chama cha Nazi na wa polisi. Wengi walikuwa wamesoma chuo kikuu, na wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Mwenyekiti alikuwa Reinhard Heydrich, na muhtasari uliandaliwa na Adolf Eichmann. Mkutano ulichukua kama saa moja na nusu. Mauaji ya Wayahudi yalikuwa yamekwisha kuanza mashariki. Hawa walikuja kugawana kazi, ili kila wizara itimize sehemu yake katika kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya nzima. Katika muhtasari kuna orodha ya nchi na idadi ya Wayahudi wake, jumla zaidi ya milioni 11. Ujerumani ya kabla ya kujitanua imewekewa tarakimu 131,800.

Katika tarakimu hiyo yumo mjane wa miaka 84. Na si hivyo tu. Muhtasari unasema kwamba Wayahudi waliozidi miaka 65 hawatapelekwa mashariki pamoja na wengine, bali katika mahali pa wazee, na mahali palipokusudiwa ni Theresienstadt. Sentensi hiyo ilisomwa katika ukumbi uliochorwa na msanifu wa nyumba ya Martha, ukitazama maji yaleyale aliyokuwa akiyatazama kutoka mtaroni kwake. Siamini kwamba hata mmoja kati ya watu 15 wale alimfikiria. Uovu wa aina ile hauhitaji kumfikiria mtu. Unahitaji tarakimu na mgawanyo wa kazi.

Mwanzoni mwa Machi 1943 polisi walifika kumchukua Martha ampelekwe Theresienstadt. Alikuwa amelala kitandani, hajiwezi kwa maradhi. Alikunywa dawa ya usingizi kupita kiasi, akapelekwa hospitali ya Wayahudi, na tarehe 10 Machi akafariki. Alizikwa Weissensee, upande mwingine wa jiji. Mwaka 1954 tu ndipo mabaki yake yalipohamishiwa Schönhauser Allee, akalazwa karibu na mumewe.

Msomaji atauliza: na nyumba je? Nyumba hazijui aibu. Vita vilipokaribia mwisho, jumba la Liebermann lilifanywa hospitali ya kijeshi, na baada ya vita likaendelea kuwa hospitali ya raia. Mwaka 1951 lilirudishwa kisheria kwa Käthe, aliyefariki mwaka uliofuata. Na mwaka 1958 mjukuu, yule Maria aliyechorwa akicheza bustanini, aliliuza kwa serikali ya Berlin Magharibi. Hospitali iliondoka mwaka 1969. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikodishwa kwa chama cha wapiga mbizi. Palipokuwa na vitanda vya maua palipandwa majani, na kuta za miti zikatoweka. Jirani yake, lile jumba la mkutano, kuanzia mwaka 1952 hadi 1988 lilikuwa bweni la likizo kwa watoto wa shule za mtaa wa Neukölln. Watoto walilala, walicheza na kula katika nyumba ile.

Sitaki kuwahukumu wapiga mbizi wala watoto. Wagonjwa walihitaji vitanda, na watoto walihitaji hewa safi. Lakini ukimya ule haukutokea kwa bahati mbaya. Mwanahistoria Joseph Wulf, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, alianza katikati ya miaka ya 1960 kudai kwamba jumba la mkutano lifanywe kituo cha kumbukumbu na utafiti. Alikataliwa. Alifariki kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1974. Kituo alichokitaka kilifunguliwa tarehe 20 Januari 1992, miaka 50 kamili baada ya mkutano, na maktaba yake leo ina jina lake. Waliochelewa walimpa jina baada ya kumnyima sikio.

Jumba la Liebermann lilisubiri zaidi. Mwaka 1995 wapenzi wa sanaa waliunda jumuiya yenye jina la mchoraji, na baada ya mabishano marefu kuhusu nani ana haki ya kulitumia, wapiga mbizi walihama mwaka 2002. Jumba lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2006, na vile vyumba vitatu vya miti vilirejeshwa mwaka 2014.

Hapa ndipo nilipoahidi kutoa sababu yangu. Watu walipotaka kuirejesha bustani iliyofutika, walizitegemea barua za Lichtwark, picha za kamera za zamani, na zile picha zaidi ya 200 za mzee. Mahali pa benchi, rangi ya maua ya kila kitanda, umbali kati ya mti na mti, yote yalikuwa yameandikwa kwa rangi. Kazi iliyodharauliwa kuwa ni burudani ya tajiri kuchora maua yake ilikuwa, bila mwenyewe kukusudia, hati. Wazee wetu hutuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Liebermann aliacha daftari. Waliomnyang'anya mjane wake hatimiliki hawakuweza kuzinyang'anya picha kile zinachokishuhudia, kwamba hapa palikuwa na watu fulani, na waliishi hivi.

Na lile jumba la pili nalo lina daftari lake. Muhtasari wa mkutano ulitolewa nakala 30. Wengi waliopokea walichoma zao, lakini nakala moja, ile yenye namba 16, ilikutwa mwaka 1947 miongoni mwa makaratasi ya wizara ya mambo ya nje. Laiti isingebaki, huenda jumba lile lingekuwa hadi leo jumba zuri tu la kando ya ziwa, lisilo na la kusema.

Kwa hiyo ufuko mmoja una majumba mawili, na msanifu wao ni mmoja. Mawe hayakutenda jema wala baya, wala mawe hayasemi. Uzuri wa nguzo za Baumgarten haukumzuia mtu yeyote kutenda uovu. Yeye mwenyewe baadaye alifanya kazi za utawala wa Nazi, ikiwemo kulijenga upya jumba la tamthilia la Schiller mjini Berlin. Utajiri wa Liebermann haukuwa ngome, wala uraia wa heshima, wala picha ya rais aliyoichora kwa mkono wake. Kinachotenganisha jumba la kwanza na la pili ni kile kilichoandikwa kuhusu kila moja, na watu waliokubali kusoma.

Kuna wageni wanaokwenda Wannsee siku za kiangazi, wakanywa chai kwenye mtaro wa Liebermann, wakayatazama maua na matanga majini, kisha wakarudi mjini wakiwa wameridhika. Wapo wengine wanaokwenda jumba la mkutano peke yake, wakarudi na majonzi. Mimi naona majumba haya hayasomeki moja bila jingine. Anayeona bustani bila kuujua muhtasari amebaki mlangoni. Anayeujua muhtasari bila kuiona bustani anaijua tarakimu 131,800, lakini hajui kilichokuwamo ndani ya mmoja wao: mke wa mchoraji, bibi wa Maria, mwanamke aliyetoka kwenye mtaro wake akashuka kati ya miti yenye gome jeupe hadi kwenye maji.

Nasi tunaishi katikati ya nyumba za mawe zilizobadili wenyewe mara nyingi, nyingine kwa ununuzi wa halali, nyingine kwa namna ambayo hatupendi kuitaja mbele ya watu. Tunajivunia milango yake ya kuchongwa na kuwaonyesha wageni. Pengine umefika wakati wa kuuliza, kabla wazee wanaojua hawajaondoka, daftari la kila nyumba liko wapi na ni nani aliyelala ndani yake.